Mama, Sindano Hiyo Utaiacha Lini?

Ukiingia katika kliniki ya mama na mtoto utakuta ukutani picha na maelezo ya namna ya kuanza njia za uzazi wa mpango: lini uanze, lini urudi, ukisahau ufanye nini. Katika miaka yote ya kazi yangu sijaona bango hata moja linalomweleza mama namna ya kuacha. Ni kana kwamba akishaanza ataendelea mpaka atakapojua mwenyewe kwamba inatosha. Lakini atajuaje? Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze mwezi huu, hasa na akina mama waliofikisha miaka 45, na waume zao pia ikiwa watakuwa na subira ya kusoma mpaka mwisho.

Hospitali yetu ni ya misheni, haitoi sindano wala vidonge vya kuzuia mimba. Wasomaji wa gazeti hili wanajua sababu, sina haja ya kuirudia. Hata hivyo, akina mama wanaotumia njia hizo, wakiwemo wanajumuiya wetu wazuri tu, huumwa malaria, presha na mgongo kama watu wengine, nao huja kwetu. Ninapompima mama presha humwuliza, "Unatumia dawa gani?" Hujibu, "Situmii dawa yoyote." Nikimwuliza tena, "Na sindano ya miezi mitatu je?" ndipo anapocheka: "Kumbe hiyo nayo ni dawa, nesi? Hiyo nachoma tangu mtoto wangu wa mwisho." Ukiuliza habari za huyo mtoto wa mwisho, yuko kidato cha nne.

Hedhi hukoma namna gani?

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hayaongezeki tena. Akifika miaka ya arobaini na kitu yamebaki machache, na vifuko vya mayai havifanyi kazi tena kwa mpangilio. Mwezi huu damu inakuja nyingi, mwezi ujao haionekani, kisha inakuja mara mbili ndani ya wiki tano. Hali hiyo huweza kuchukua miaka kadhaa. Wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Anayekoma kabla ya miaka 40 amwone daktari, maana hiyo ni mapema mno.

Sasa, hatusemi kwamba mama amekoma siku ile damu inapokosekana. Tunasema hivyo baada ya kuhesabu miezi 12 mfululizo bila damu, na bila sababu nyingine ya kuizuia kama mimba, kunyonyesha au dawa. Yaani mama hujua kuwa amekoma baada ya mwaka mzima kupita. Kwa asiyetumia kitu chochote hesabu hiyo ni rahisi, anahitaji kalenda tu na kalamu. Kwa anayetumia homoni hesabu inavurugika, na hapo ndipo ninapoona akina mama wakidanganyika kwa pande zote mbili: wengine wanaacha mapema wakidhani wamekwisha kukoma, wengine wanaendelea miaka mingi baada ya kukoma.

Sindano huificha hedhi

Sindano iliyozoeleka hapa kwetu, Depo-Provera, ni homoni ya miligramu 150 inayochomwa msulini kila baada ya miezi mitatu. Huzuia yai lisipevuke, huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, na huuacha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ukiwa mwembamba. Ukuta usiponenepa hakuna cha kutoka. Ndiyo maana karibu nusu ya wanaoitumia kwa mwaka mzima hawaoni tena siku zao. Damu hiyo haikujificha mahali. Haikuganda tumboni, haikupanda kichwani, haikugeuka uvimbe. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu pale stendi wapo wanaouza chupa za dawa ya "kusafisha kizazi", na wateja wao wakubwa ni akina mama wa sindano. Hakuna uchafu wa kusafishwa. Kinachotoka ni pesa ya mboga, na pengine kuharisha siku mbili.

Mama mmoja, ambaye nimebadili mambo yake madogo ili asitambulike, alikuwa ametumia sindano miaka kumi na moja. Alipofikisha miaka 46 aliacha. Miezi minane ikapita bila damu, naye hakushangaa, kwa kuwa hakuwa ameiona kwa miaka. Shoga zake wakamwambia, "Wewe umeshakoma, mshukuru Mungu." Alipofika kwetu ilikuwa imepita zaidi ya mwaka tangu aache. Alilalamika uvimbe tumboni na kichefuchefu, na alikuwa amekwisha kunywa chupa tatu za dawa ya stendi. Daktari alipapasa tumbo, akaniangalia bila kusema neno. Nikaleta ile pembe yetu ya kusikilizia. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga vizuri kabisa. Mama huyo alikuwa na wajukuu watatu.

Ilikuwaje? Sindano ya mwisho huhesabiwa kumlinda mama miezi mitatu, lakini dawa haiondoki mwilini kwa tarehe. Kwa wastani uwezo wa kushika mimba hurudi kiasi cha miezi kumi baada ya sindano ya mwisho, kwa wengine mapema zaidi, kwa wengine baada ya mwaka na zaidi. Tena yai hutangulia, damu hufuata kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mama anaweza kushika mimba kabla hajaona hata tone moja la hedhi. Kule kukosa damu alikokuwa akikuhesabu kama kukoma kulikuwa mabaki ya sindano, halafu kukawa mimba yenyewe, na yeye hakuweza kutofautisha kimoja na kingine. Hakuna mwanamke ambaye angeweza, kama hakuelezwa.

Mimba hiyo haikuwa nyepesi. Presha ilipanda mwezi wa nane, akafanyiwa upasuaji, mtoto akazaliwa na kilo moja na nusu. Wote wawili walitoka wodini salama, lakini si wote wenye mimba za umri huo wanaotoka hivyo. Baada ya miaka 40 presha ya mimba, kisukari cha mimba na kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua huongezeka. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down nao hupanda: kwa mama wa miaka 40 ni kiasi cha mtoto mmoja katika 100, kwa wa miaka 45 kiasi cha mmoja katika 30.

Vidonge huiga hedhi

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili hufanya kinyume cha sindano. Pakiti ina vidonge 21 vya dawa, na nyingi zina vingine saba visivyo na homoni, mara nyingi vya madini ya chuma, vya rangi ya udongo. Mama anapofika kwenye hivyo saba, homoni inakatika ghafla na damu inatoka. Damu hiyo si hedhi, ni mwili unaitikia kukatika kwa dawa. Itakuja mwezi kwa mwezi hata kama mayai yalikwisha miaka mitatu iliyopita. Nimewahi kuonana na mama wa miaka 54 aliyejisifu kwamba yeye "bado msichana" kwa sababu siku zake hazijawahi kukosa. Siku zake zilikuwa zinatoka kwenye pakiti.

Nikatize hapa kidogo. Waliotengeneza kidonge cha kwanza, kilichoidhinishwa Marekani kuzuia mimba mwaka 1960, walipanga kwa makusudi wiki tatu za dawa na wiki moja ya kupumzika, ili damu itoke kama mwanamke alivyozoea. Mmoja wao, daktari John Rock, alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Sisemi hili kwa ubishi. Ninataka akina mama wajue kwamba ile damu ya kila mwezi iliwekwa na watu, si kipimo cha uzazi.

Sasa hatari yake. Homoni ya estrojeni iliyomo katika vidonge hivyo hufanya damu igande kwa urahisi zaidi na huweza kupandisha presha. Kwa binti wa miaka 22 mwenye afya hatari hiyo ni ndogo sana. Kwa mama wa miaka 50 mzigo wa umri umekwisha kuongezeka, na wengi wa rika hilo wana presha bila kujua. Mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi hafai vidonge vya aina hii. Kadhalika anayevuta sigara akiwa na miaka 35 na zaidi, na mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana ghafla, au mdomo ukienda upande, usisubiri kesho wala usitafute mtu wa kukuchua, njoo hospitali.

Vijiti vya mkononi havina estrojeni, kwa hiyo hofu hiyo ya kiharusi haivihusu kwa namna hiyo hiyo. Tatizo lake kubwa ninaloliona ni kusahauliwa. Mama alipandikizwa mjini, akahamia kijijini, muda wa kijiti ukapita, mpaka siku moja ninapomfunga mkanda wa presha nakigusa chini ya ngozi. Kikishaondolewa, uzazi hurudi haraka, ndani ya wiki chache tu, si kama sindano. Kwa hiyo asidhani ana miezi ya kupumua.

Basi lini?

Shirika la Afya Duniani halikatazi njia yoyote kwa sababu ya umri peke yake. Lakini kuanzia miaka 40 kwa vidonge vya homoni mbili, na baada ya miaka 45 kwa sindano, linaziweka katika kundi ambalo faida kwa kawaida huzidi hasara, si katika lile la kwanza lisilo na swali. Wataalamu wa Uingereza wanasema wazi zaidi: sindano na vidonge vya homoni mbili viachwe mama anapofikisha miaka 50. Vijiti, na vidonge vya homoni moja, vinaweza kuendelea mpaka miaka 55, umri ambao karibu hakuna tena anayeshika mimba kwa njia ya kawaida. Anayetumia njia isiyo na homoni, kama kitanzi cha shaba, hesabu yake ni hii: akiwa na miaka zaidi ya 50 asubiri mwaka mmoja tangu hedhi ya mwisho, akiwa chini ya miaka 50 asubiri miaka miwili. Kisha kitanzi kitolewe, kisiachwe humo kwa kuwa hakisumbui.

Wengine huuliza juu ya kipimo cha damu. Kipo, hupima homoni iitwayo FSH, na hospitali kubwa zinacho. Lakini kwa mama anayemeza vidonge vya homoni mbili majibu yake hayana maana, na chini ya miaka 50 homoni hiyo hupanda na kushuka, hivyo kipimo kimoja kinaweza kumdanganya. Kabla ya kuuza kuku kulipia kipimo, uliza kwanza kama kitakusaidia.

Ninavyoona mimi, mazungumzo ya kuacha yaanze siku mama anapotimiza miaka 45, hapo hapo anapochomwa sindano, si miaka kumi baadaye akiwa na presha. Kadi ninazoonyeshwa zina nafasi ya tarehe ya kurudi. Iwepo na nafasi ya tarehe ya kuacha. Apimwe presha, aulizwe umri ambao mama yake na dada zake walikoma, aelezwe itakuwaje baada ya kuacha, na mumewe aitwe naye asikie.

Nina wenzangu wauguzi wanaonipinga. Wanasema ukimwambia mama habari ya kuacha ataacha kesho, na mwaka ujao utampokea leba akiwa na miaka 48. Afadhali achome tu mpaka azeeke. Hoja hiyo si ya kipuuzi, nimeeleza juu mimba za umri huo zilivyo. Lakini sindano hupunguza uimara wa mifupa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya jambo hilo mwaka 2004. Kwa mwanamke kijana mifupa hujirudi baada ya kuacha. Mwenye miaka 52 ataacha sindano na kuingia moja kwa moja katika kukoma hedhi, kipindi ambacho chenyewe hula mifupa. Atapata wapi nafasi ya kujirudi? Na huyu ni mama anayebeba kuni na maji. Zaidi ya hayo, kumficha mtu mzima habari ya mwili wake kwa kuogopa ataamua vibaya si uuguzi niliofundishwa.

Wapo pia wa upande wetu wanaoniambia kwamba gazeti la jimbo lisiguse mambo haya kabisa. Mimi nadhani mama anayetaka kuacha ndiye hasa wa kusaidiwa. Wapo wanandoa wanaotaka, baada ya kuacha, kufuata njia ya asili ya kuangalia ute, ile iliyoanza kuchunguzwa na daktari Billings huko Melbourne mwaka 1953. Wakaribishwe, lakini waambiwe ukweli wote. Miezi ya kwanza baada ya sindano ute huwa haueleweki, na karibu na kukoma hedhi huwa vigumu zaidi. Wanahitaji mwalimu aliyefunzwa na kujizuia kwa muda mrefu kuliko walivyofikiri. Ama ile ya kuhesabu siku kwenye kalenda, katika umri huu waiache kabisa, kwa kuwa mzunguko hauna mpangilio wa kuhesabika.

Na mama aliyepewa homoni na daktari kama tiba ya kutokwa damu nyingi asiziache kwa hofu ya dhambi. Barua ya Papa Paulo wa Sita, Humanae Vitae, ya mwaka 1968, haikatazi tiba ya lazima ya ugonjwa hata kama tiba hiyo inazuia mimba, ili mradi kuzuia mimba si ndilo kusudi lenyewe. Nimeona mama akifika na damu gramu tano kwa sababu ya kutoelezwa hivyo.

Baada ya kuacha

Homoni za dawa huzifunika dalili za kukoma. Ukiziacha, dalili zinaweza kujitokeza zote kwa pamoja: joto la ghafla usoni na kifuani, jasho usiku, usingizi wa kukatika, ukavu ukeni, hasira zisizo na sababu. Hujarogwa. Wala si kwamba sindano inakulipizia kisasi. Lakini jasho la usiku likiambatana na kikohozi, homa au kukonda, usiliite kukoma hedhi mpaka upimwe kifua kikuu na Virusi vya UKIMWI. Akina baba, mkeo akisema anaumia katika tendo la ndoa kwa sababu ya ukavu, si kwamba amekuchoka wala ana mwingine. Mje wote wawili, hilo lina msaada.

Jambo la mwisho ni damu inayorudi. Kwa aliyetoka kwenye sindano miezi michache iliyopita, damu inaweza kuwa hedhi yake ya kawaida inajirudia. Kwa aliyekaa mwaka mzima au zaidi bila damu na bila homoni, ikija, hata kama ni doa tu kwenye khanga, si ujana uliorudi na si uchafu uliobaki. Achunguzwe wiki hiyo hiyo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi wanaofika Ocean Road hufika wamechelewa. Kipimo cha kuangalia mlango wa kizazi kwa siki huchukua dakika chache, na kwa ambaye tayari anatokwa damu daktari ataongeza vingine.

Ukija, lete kadi yako ya kliniki, na kama ni vidonge lete pakiti yenyewe hata ikiwa tupu, maana jina lililoandikwa hapo ndilo linalotuambia ni vya homoni moja au mbili. Kama kadi imepotea usibaki nyumbani kwa aibu. Njoo hivyo hivyo, tutahesabu kwa Krismasi na Pasaka mpaka tuipate sindano ya mwisho, na kama ni kijiti tutakipapasa mkononi.